Mtupa Jongoo na Mti Wake

Kila ukuta wa mawe katika Pwani yetu una shimo lake mahali fulani. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilitolewa ardhini kabla ya kuinuliwa juu. Vivyo hivyo misikiti ya kale, makaburi ya nguzo, na nyumba za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa. Jiwe lilichongwa kutoka kwenye miamba ya matumbawe ya kale, jingine laini likatolewa baharini kwa kuchongea mihrabu na mapambo, na chokaa ikachomwa kwa kuni. Ukuta tunaupiga picha na kuuandikia vitabu. Shimo hatuliulizi habari zake.

Zamani hilo halikuwa neno. Mashimo yalikuwa madogo, zana zilikuwa sururu na mtaimbo, na msitu ulikuwa karibu. Nenda Gede ukaone: mji mzima wa mawe ulihamwa na msitu ukaurudia, mizizi ikakaa juu ya kuta kama kuku anayeatamia. Ikiwa msitu uliweza kuumeza mji, shimo la mchonga mawe lilikuwa kazi ndogo kwake.

Karne ya ishirini ilikuja na shimo la aina nyingine. Makala haya ni historia ya mashimo mawili ya namna hiyo. Moja liko kaskazini ya Mombasa, Bamburi, na lina zaidi ya nusu karne tangu lianze kutibiwa. La pili liko kusini, Kwale, karibu na Mto Mukurumudzi, na kidonda chake bado kibichi. Yote mawili yanatuuliza swali moja: ardhi ikishachimbwa na kumalizwa, nani anayebaki kuingoja ipone?

*

Kampuni ya saruji ya Bamburi ilianzishwa mwaka 1951 na Felix Mandl, na kiwanda kikaanza kutoa simiti mwaka 1954. Malighafi ilikuwa pale pale chini ya miguu: mwamba wa matumbawe, yaani bahari ya zamani iliyogeuka jiwe. Mwamba ukalipuliwa, ukasagwa, ukachomwa kwenye tanuri, ukawa unga wa kijivu kwenye mifuko. Nchi ilikuwa inajengwa. Shule, madaraja, ofisi za serikali, nyumba za kupanga za Kisauni na za Eastlands, vyote vilitaka simiti.

Miaka chini ya ishirini baadaye, mahali palipokuwa na kichaka palikuwa na uwanda mweupe. Wale walioupita wakati huo waliona kitu kama jangwa lililochimbiwa ndani. Udongo wa juu ulikuwa umeondoka. Jua lilipiga jiwe jeupe na jiwe likalirudisha jua. Chini kidogo tu ya sakafu ya shimo palikuwa na maji, lakini maji yenyewe ya chumvichumvi kwa sababu bahari haiko mbali. Hakuna aliyetarajia kitu kuota hapo, na kwa miaka mingi hakuna aliyelazimishwa kutarajia. Sheria ya Madini ya wakati huo ilikuwa ya mwaka 1940, ya mkoloni, nayo ilijali zaidi kinachotoka ardhini kuliko kinachobaki.

Mtu aliyepewa kazi ya kulitazama shimo hilo hakuwa mhandisi. Alikuwa bwana shamba. René Haller, Mswisi aliyesomea kilimo cha bustani, aliajiriwa na kiwanda mwaka 1959 kusimamia mashamba na bustani. Mwaka 1971 ndipo alipoanza kupanda miti ndani ya shimo.

Alijaribu aina 26 za miti. Watu wake walitoboa mwamba kwa mitaimbo, wakaweka udongo kidogo kwenye kila tundu, wakapanda. Baada ya miezi kadhaa zilikuwa zimesalia aina tatu tu: mnazi, mti wa damas ambao asili yake ni Somalia, na mvinje.

Mnazi tunaujua. Damas nao ni mti wa nchi kavu, umezoea shida. Lakini mvinje ndio ulioshinda. Huu ni mti wa ufukweni, una majani kama sindano, na chumvi haiuogopeshi. Tena una siri mizizini. Mizizi ya mvinje hufanya vinundu ambavyo ndani yake huishi bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea. Kwa maneno mengine, mti huu hutembea na shamba lake. Ila kwenye jiwe tupu bakteria hao hawapo, kwa hiyo ilibidi miche iambukizwe kwa kutumia mizizi ya mivinje iliyokomaa kwingineko. Baada ya hapo miti ilipaa.

Basi kazi imekwisha? Wapi! Hapa ndipo historia hii inapokuwa tamu.

Mvinje huangusha sindano zake mwaka mzima. Zikarundikana chini, zulia la kahawia, kavu, wala hazikuoza. Zina dawa kali ndani yake ambayo wadudu wengi hawaitaki. Ikawa kuna msitu usio na udongo: miti juu, jiwe chini, na katikati takataka zisizogeuka kitu. Msitu wa namna hiyo ni pambo tu. Ukikata miti leo, kesho umerudi kwenye jangwa lako.

Aliyeokoa jahazi alikuwa jongoo. Yule jongoo mkubwa mweusi wa Pwani, mwenye miguu myekundu, ambaye watu wengine humwita treni ya Mombasa, alionekana akila sindano za mvinje bila taabu. Wakakusanywa mamia kwa mamia na kuachiwa ndani ya shimo. Walikula, wakanya, wakazaana. Kinyesi cha jongoo ndicho kilichokuwa udongo wa kwanza wa Bamburi. Bakteria na kuvu wakapata pa kuanzia, mvua ikapata cha kulowesha, na mbegu zilizoletwa na ndege na popo zikapata pa kushika. Mkuyu ukaota, na mimea mingine ya asili ikafuata, hadi aina zikafika mamia.

Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake: ukimwondoa mdudu kwa kijiti, hata kijiti unakitupa, kwa kinyaa. Bamburi walifanya kinyume. Walimwokota jongoo wakampelekea miti.

*

Hebu tuzungumze juu ya malisho, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea wanapoitaja Bamburi. Wengi wanaijua kama mahali pa kutembeza watoto wa shule. Wengine wanaijua kwa ajili ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Malindi mwishoni mwa Desemba 2004, wakati wa tsunami, akapelekwa huko na kumng'ang'ania kobe mzee aitwaye Mzee. Dunia nzima ilisoma hadithi hiyo. Lakini wanyama hawakuletwa Bamburi ili wapigwe picha kwanza. Waliletwa kufanya kazi.

Msitu ukishapata udongo, nyasi huanza kuota mahali penye mwanga. Nyasi zisipoliwa hukauka, zikawa kuni za moto wa porini, na chini yake hakuna kinachopata jua. Zikiliwa kwa kiasi, huchipua upya, na mla nyasi huacha mavi yenye mbegu na mbolea. Kwa hiyo pofu na choroa waliingizwa, na wazo la wakati huo lilikuwa pia la shamba: kwamba wanyamapori wa nchi kavu wanaweza kufugwa kwa ajili ya nyama mahali ambapo ng'ombe angehitaji maji mengi na dawa nyingi. Jirani hapo, Nguuni, pofu, choroa na mbuni walipewa uwanda wa nyasi. Kwenye mashimo yaliyojaa maji kukawa na mabwawa ya samaki. Kiboko alikula nyasi usiku na kurutubisha maji mchana. Kila kiumbe alikuwa na zamu yake.

La kuzingatia ni utaratibu wenyewe. Mti ulitangulia, jongoo akafuata, kisha udongo, kisha nyasi, na mla nyasi akaja mwishoni. Ungeanza na pofu kwenye sindano za mvinje, angekanyaga na kung'oa kile kidogo kilichopo, na ungebaki na vumbi. Mnyama hutengeneza malisho, ndiyo, lakini ni yale ambayo tayari yana pa kusimama.

Mwaka 1984 njia za kutembelea ndani ya msitu zilifunguliwa kwa umma. Mwaka 1987 Haller alitunukiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa katika orodha yake ya Global 500. Baadaye mahali penyewe pakapewa jina lake, Haller Park.

Hadi hapo ni hadithi ya ushindi, na mimi sina nia ya kuipunguzia utamu wake. Nataka tu kutaja mambo mawili ambayo hadithi ya ushindi huyaruka.

La kwanza: kilichorudishwa Bamburi si kile kilichokuwepo. Kichaka cha asili cha juu ya mwamba kiliondoka pamoja na mwamba wenyewe, na sakafu ya leo iko chini ya ile ya zamani. Msitu wa sasa ni kitu kipya, kizuri, kilichobuniwa. Tunapotumia neno "kurudisha" tunajidanganya kidogo. Ardhi iliyochimbwa hairudi. Inaanza maisha mengine, na mtu ndiye anayechagua ni maisha gani.

La pili: aliyechagua alikuwa kiwanda. Nani mwingine? Shimo lilikuwa lake, miche ilikuwa yake, mishahara ya waliotoboa mwamba ilitoka kwake. Na jambo kubwa kuliko yote, kiwanda hakikuondoka. Wenye mali walibadilika: Cementia ya Uswisi, kisha Lafarge ya Ufaransa iliyoinunua Cementia mwaka 1989, kisha LafargeHolcim baada ya muungano wa 2015, na Desemba 2024 Amsons ya Tanzania. Lakini tanuri liliendelea kuwaka, na maadamu linawaka kuna mtu wa kulipa mtunza miti. Ndiyo maana msitu ulipata miaka yake hamsini. Na ndiyo maana pia mwisho wake ukawa bustani yenye geti na tiketi. Anayengoja ndiye anayeamua.

*

Mwezi huo huo wa Desemba 2024, wakati kiwanda cha Bamburi kinabadilisha mwenye mali, upande wa pili wa kivuko cha Likoni mgodi mwingine ulikuwa unazima mashine.

Historia ya mchanga wa Kwale ni fupi na ina kelele nyingi. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Kanada, Tiomin, ilipima vilima vya mchanga mwekundu vya Maumba na Nguluku na kukuta ndani yake ilmenaiti, rutaili na zirkoni, madini yanayokwenda kwenye rangi, vyuma na vigae. Juu ya mchanga huo kulikuwa na watu, mikorosho, minazi, miembe, makaburi. Wakulima walikwenda mahakamani, na mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Mombasa iliizuia kampuni kuendelea, katika moja ya kesi za mwanzo zilizotumia Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999. Kesi ikapita, mazungumzo ya fidia yakafuata, familia zikahamishwa, na mradi ukalala. Mwaka 2010 kampuni ya Australia, Base, iliununua. Februari 2014 meli ya kwanza ikaondoka Likoni na shehena.

Uchimbaji wenyewe haukufanana na wa Bamburi. Huko ni jiwe na baruti, huku ni mchanga na maji. Mchanga ulisukumwa na kupigwa kwa maji mpaka ukawa uji, ukapitishwa kwenye mitambo inayotenganisha kizito na chepesi, kisha sumaku na umeme vikachagua madini moja moja. Maji yalitoka kwenye bwawa lililojengwa kwenye Mto Mukurumudzi. Mto huu huanzia Milima ya Shimba, kwenye tembo na palahala, na humwaga maji yake kwenye ghuba ya Gazi, kwenye mikoko. Si mto mkubwa. Lakini ndio uzi unaoshona msitu wa juu na bahari ya chini, na mgodi ulikaa katikati ya uzi huo.

Madini yalikuwa sehemu ndogo tu ya kila kilima. Sehemu kubwa ilibaki: mchanga uliooshwa upande mmoja, tope laini la udongo wa mfinyanzi upande mwingine. Hapo ndipo ugumu wa kurudisha ardhi ya namna hii ulipo. Mchanga peke yake haushiki maji wala mbolea, ukinywesha asubuhi jioni umekauka. Tope peke yake hukauka na kupasuka kama sahani. Inabidi virudishwe pamoja, udongo wa juu uliowekwa akiba utandazwe, kisha zipandwe mimea ya jamii ya kunde na nyasi zenye mizizi mirefu ili mvua ya masika isiubebe mlima mzima ukaumwaga mtoni. Mchanga ukiingia Mukurumudzi hauishii hapo, unashuka mpaka Gazi, na mikoko ya Gazi ni mali ambayo wanakijiji wameishughulikia kwa miaka mingi.

Kampuni ilianza kazi hiyo wakati bado inachimba. Ilikuwa na kitalu kikubwa cha miti ya asili, na vipande vya ardhi vilikuwa vimeshavaa kijani kabla mashine hazijazimwa. Hilo ni kweli na linastahili kusemwa. Tena safari hii sheria ipo: Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inadai mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya fedha kwa ajili ya mazingira, kitu ambacho mwaka 1954 hakikuwepo hata kwenye ndoto.

Lakini hesabu miaka. Kuanzia meli ya kwanza hadi kuzimwa kwa mashine ni takriban miaka kumi na moja. Bamburi, miaka kumi na moja baada ya 1971, hata njia za wageni zilikuwa hazijafunguliwa. Kijani cha miaka miwili au mitatu ni ahadi tu. Mtu akikuonyesha picha ya nyasi juu ya mchanga uliooshwa, furahi, kisha muulize: mwaka wa kumi na tano nani atakuwa hapa? Maana kampuni ya mgodi si kama kiwanda cha simiti. Madini yakiisha, imekwisha. Isitoshe, Oktoba 2024, miezi miwili kabla ya mgodi kufungwa, Base yenyewe ilinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani.

*

Kwale haihitaji kwenda mbali kuona kinachotokea kampuni ikiondoka. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kusini kidogo ya hapo, kilianguka mwaka 1988. Mashamba ya miwa yakaota magugu, watu wakaingia wakalima mahindi, wakazika wazee wao, wakazaa. Miaka ilipita, ardhi ikakodishwa kwa kampuni nyingine ya sukari, na wale waliokuwa wakilima wakaambiwa wapishe. Ugomvi uliofuata ulidumu miaka mingi. Hakuna aliyekuwa amewauliza mwaka 1988, wakati jibu lilikuwa rahisi, ardhi hii iwe ya nani.

Chini ya hilo kuna jambo la zamani zaidi. Tangu Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908, mtu wa Pwani amekuwa akiamka na kuambiwa kwamba shamba la babu yake lina karatasi ya mtu mwingine. Neno "skwota" ni la kawaida huku kama neno "jirani". Kwa hiyo unapomwambia mtu wa Msambweni kwamba ardhi ya mgodi "itarudishwa", yeye anasikia swali lingine. Irudishwe kwa nani?

Mapendekezo hayakosekani. Kuna wanaotaka kilimo kikubwa, wengine viwanda, wengine wangependa kusikia habari ya madini mapya. Na kuna wazo la malisho na wanyamapori: nyasi kwenye miinuko ya mchanga, msitu wa asili kandokando ya mto, na njia ya wanyama kuelekea Shimba. Kwangu mimi hili ndilo wazo linaloendana na udongo uliopo. Mchanga uliooshwa ukilimwa kila msimu utachoka haraka, lakini nyasi za kudumu huujenga kidogo kidogo. Kanuni zetu zinataka ukingo wa mto uachwe kati ya mita 6 na 30, na ukanda huo ukipandwa mikuyu na miti mingine ya mtoni unatosha kuwa njia ya ndege, nyani na wadudu, hata kabla ya mnyama mkubwa. Ng'ombe wanaweza kuingia, kwa zamu, kipande kimoja kikilishwa na kingine kikipumzika, mradi wasiingie kabla ya wakati na wasinyweshwe kwa kubomoa kingo.

Tembo nao wana hesabu yao. Anayeishi karibu na Shimba anajua tembo si picha ya kalenda, ni mahindi yaliyolazwa usiku mmoja. Njia ya wanyama ikichorwa na mtu wa Nairobi kwenye ramani, bila kumuuliza mwenye mahindi, haitadumu misimu miwili.

Lakini hata wazo zuri lina sharti ambalo Bamburi inatufundisha. Kazi ya aina hii hufaulu pale tu penye mtu asiyeondoka. Bamburi alikuwa kiwanda. Kwale, serikali hubadilika kila miaka mitano na kampuni imeshamaliza kazi yake. Waliobaki ni watu wa Msambweni: mchungaji, mama wa kitalu, mvuvi wa Gazi anayejua maji ya mto yamebadilika rangi kabla ya afisa yeyote. Hao ndio watakaokuwepo mwaka wa kumi na tano. Basi wao ndio wapewe mamlaka ya kuamua ng'ombe waingie lini na kipande gani kifungwe, na fedha za kurudisha ardhi ziwekwe kwa muda wa miti, si kwa muda wa bajeti. Sheria ya 2016 ilisema asilimia 10 ya mrabaha ni ya jamii. Jamii ikiwa na haki katika kilichotoka ardhini, itakosaje sauti katika kilichobaki?

Wengine watasema wananchi hawana utaalamu. Sawa, wataalamu wapo na washirikishwe. Bila elimu ya vinundu na bakteria Bamburi ingebaki jiwe. Ila utaalamu wa 1971 ulianza na mtu aliyeinama akamwangalia jongoo akila. Kuangalia namna hiyo, siku baada ya siku, msimu baada ya msimu, hakuwezi kufanywa na mtu anayekuja kwa ziara ya siku mbili akiwa na kofia ngumu ya manjano. Kunafanywa na mtu anayeishi hapo.

Simiti ya Bamburi iko kwenye kuta zetu. Madini ya Kwale yameshasafiri, labda yako kwenye rangi ya ukuta wa mtu huko mbali. Sisi tumebaki na shimo, na mara hii tumeliona mapema, likiwa bado linaweza kuulizwa litakuwa nini. Mvua za masika zitaendelea kuja Mukurumudzi kila mwaka, na kila mwaka zitaonyesha kama nyasi zimeshika mchanga au zimeuachia.